Soda ya diet na maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na watu wa Nairobi

Haya maswali yanarudi kila mara kwa kikundi chetu cha watu wenye sukari huku Eastlands, mengine yanaulizwa na vijana wa jim, mengine na mama wanaofungia watoto lanchi asubuhi. Nimeyaweka pamoja. Mimi si daktari, mimi ni mtu anayemuangalia mamake mwenye sukari kila siku na anayesoma sana kwa sababu hiyo, kwa hivyo pale swali linagusa dawa zako nitakuambia wazi urudi kliniki.

Nipe jibu moja tu. Soda ya diet ni sawa na maji ama la?

La, si sawa. Lakini pia si sumu, na hapo ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, kwa sababu mmoja anakuambia inaua na mwingine anakuambia ni maji yenye ladha tu. Ukipanga vinywaji vitatu, maji yako juu, soda ya diet iko chini yake, na soda ya kawaida iko chini kabisa, mbali sana. Ukitoka soda ya kawaida ukaenda diet umepiga hatua kubwa ya kweli, ukitoka diet ukaenda maji ni hatua ndogo kidogo lakini bado ipo, na sababu zake ni meno, kafeini, ulimi kuzoea utamu, na maswali kadhaa ya utafiti ambayo wanasayansi bado hawajayamaliza.

Ndani ya hiyo chupa kuna nini hasa?

Maji kwanza, karibu yote. Halafu gesi, asidi, rangi, ladha, mara nyingi kafeini kama ni kola, na kitu cha kutia utamu mahali pa sukari. Geuza chupa usome lebo, maandishi ni madogo lakini yapo. Ukiona E951 hiyo ni aspatemu, E950 ni asesulfamu K, E955 ni sukralozi, E954 ni sakarini, E952 ni siklameti, E960 ni stivia ya kutoka kwa majani. E338 ni asidi ya fosforasi, hiyo ndiyo inaipa kola ule ukali wake.

Aspatemu ni tamu karibu mara 200 kuliko sukari, sukralozi karibu mara 600, ndio maana wanaweka kidogo sana na kalori zinakaribia sifuri. Na hizi si vitu vya jana, sakarini iligunduliwa mwaka wa 1879 pale Johns Hopkins Marekani, aspatemu ikaja 1965, sukralozi 1976 London. Watu wamekunywa hivi vitu miaka mingi, kwa hivyo tunaongea juu ya kitu kilichochunguzwa sana, si majaribio mapya.

Si hiyo aspatemu inaleta kansa? Nilisikia WHO wamesema.

Hili ndilo swali namba moja na linahitaji utulivu.

Julai 2023 kulitokea mambo mawili kwa wakati mmoja na watu walisikia moja tu. IARC, ile taasisi ya kansa ya WHO, iliweka aspatemu kwa kundi la 2B, maana yake inawezekana inasababisha kansa lakini ushahidi ni hafifu. Siku hiyo hiyo kamati nyingine ya WHO na FAO (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) inayoitwa JECFA, ambayo kazi yake ni kupima kiasi gani ni salama, ikasema haioni sababu ya kubadilisha kiwango cha zamani cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Sasa piga hesabu, mtu wa kilo 70 ni miligramu 2,800. Mkebe mmoja wa soda ya diet ukiwa na miligramu 200 hadi 300, huyo mtu atahitaji kunywa mikebe 9 hadi 14 kwa siku moja ndio apite hicho kiwango, kama hakuna aspatemu nyingine anakula mahali pengine.

Kitu watu hawaambiwi ni kwamba makundi ya IARC yanapima nguvu ya ushahidi, hayapimi ukubwa wa hatari. Kundi la 2B liko pia na dondoo la jani zima la aloe vera. Kundi la 1, lile la ushahidi kamili, liko na pombe, na tangu 2015 liko na nyama za kusindikwa kama soseji na smokie. Kwa hivyo mtu anayesimama kwa kibanda stejini na smokie mkononi akiogopa Coke Zero ya mwenzake, uoga wake umegeuka upande.

Hiyo haimaanishi hakuna kitu kabisa. Kuna utafiti mkubwa wa Ufaransa uliotoka 2022, uliofuata zaidi ya watu 100,000, na wale waliotumia vitia utamu kwa wingi walikuwa na kansa kwa asilimia 13 zaidi ya wale wasiotumia. Lakini utafiti wa aina hiyo unaangalia tu watu wanavyoishi, hauwezi kutenganisha vizuri. Mtu aliyeongeza uzito ama aliyeambiwa sukari yake imepanda ndiye anahamia diet, kwa hivyo ugonjwa unaweza kuwa ulitangulia soda. Hiyo ndiyo shida ya karibu kila habari unayosoma kwamba soda ya diet inaleta stroki ama kusahau sahau, pamoja na ule utafiti wa Framingham, Marekani, wa 2017 uliosambazwa sana. Ni onyo la kutilia maanani, si hukumu.

Na sakarini nayo iliwahi kupita hapo hapo. Miaka ya 70 panya walipata kansa ya kibofu, Marekani wakaweka onyo kwa pakiti kuanzia 1977, baadaye ikaonekana ile njia kansa ilitokea kwa panya haiko kwa binadamu na onyo likatolewa 2000.

Nilikuwa nakunywa soda ya kawaida kila lanchi, nikahamia diet. Nimefaidika kweli?

Ndio, sana. Kola ya kawaida ya nusu lita iko na sukari gramu hamsini na kitu, hiyo ni zaidi ya vijiko 12 vya chai. WHO wanasema sukari ya kuongezwa isipite asilimia 10 ya nguvu unayokula kwa siku, na ingekuwa bora zaidi ikae chini ya asilimia 5 ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja tu tayari umepita hizo gramu 25 mara mbili, na hatujahesabu chai ya asubuhi, na tunajua chai ya Nairobi inavyowekwa sukari.

Kuna majaribio mazuri kabisa ya Uholanzi yaliyochapishwa 2012, watoto 641, nusu walipewa kinywaji cha sukari cha mililita 250 kila siku na nusu wakapewa kinachofanana lakini bila sukari, na hawakujua wanakunywa kipi. Baada ya miezi 18 wale wa sukari walikuwa wameongeza karibu kilo 7.4 na wale wengine karibu kilo 6.4. Watoto wanakua, lazima waongeze, lakini hiyo kilo moja ya tofauti imetoka kwa kinywaji kimoja kidogo kwa siku. Hapo hakuna mambo ya nani alikuwa mgonjwa kwanza, kwa sababu waligawanywa kwa bahati nasibu.

Kwa hivyo nikinywa diet nitapunguza kitambi?

Usiitegemee. Mei 2023 WHO walitoa mwongozo wakisema vitia utamu visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, kwa sababu kwa muda mrefu hawaoni faida inayoeleweka. Walisema ni pendekezo la masharti, maana yake ushahidi hauna nguvu sana, na wakasema haliwahusu watu ambao tayari wako na kisukari.

Na ninachokiona mimi ni hiki: mtu anaagiza diet halafu anajiruhusu chipsi kubwa na kuku, eti ameokoa kalori kwa soda. Zile kalori zinarudi mara mbili. Soda ya diet inasaidia pale inapoondoa sukari uliyokuwa ukinywa, haina nguvu ya kuchoma chochote.

Mamangu ako na sukari. Anaweza kunywa?

Anaweza, kwa kiasi. Vitia utamu hivi havipandishi sukari ya damu moja kwa moja vile soda ya kawaida inapandisha, na kwa mtu mwenye kisukari ambaye moyo wake unataka soda siku ya harusi ama Krismasi, hiyo diet ni afadhali mara mia. Kuna utafiti wa Israel wa 2022 uliofanywa na watu wazima 120 wenye afya, ukaonyesha sakarini na sukralozi kwa wiki mbili zilibadilisha bakteria wa tumbo na kwa baadhi ya watu zikavuruga namna mwili unavyoshughulikia sukari. Kwa hivyo maji bado ndio ya kila siku, diet ni ya siku moja moja. Mama yangu tunaenda hivyo na hasumbuki.

Kuna kitu kimoja hapa lazima nikiseme kwa herufi kubwa kama ningeweza, kwa sababu kinaokoa maisha. Mtu anayetumia insulini ama vidonge fulani vya kisukari, sukari yake ya damu inaweza kushuka sana ghafla. Anatetemeka, anatoa jasho baridi, anakuwa na njaa ya ajabu, anaanza kuongea mambo yasiyoeleweka, na watu kwa matatu wanadhani amelewa. Huyo USIMPE SODA YA DIET. Haina sukari, haitamsaidia hata kidogo. Mpe soda ya kawaida kama nusu glasi, mililita 150 hivi, ambayo iko na karibu gramu 15 za sukari, ama maji yenye vijiko vitatu vinne vya sukari, ngojeni dakika 15, kama bado hajatulia mrudie, akishatulia ale kitu. Kama amezimia usimmwagie chochote mdomoni, mkimbize hospitali. Waambie watu wa nyumbani, makondakta, na mwenye kiosk karibu na kwenu, wajue tofauti ya hizi chupa mbili.

Na kama figo zake zimeanza kusumbua, muulize daktari juu ya kola kabisa, ya diet na ya kawaida, kwa sababu ile fosforasi figo dhaifu inashindwa kuitoa.

Haina sukari, sasa meno yataharibika vipi?

Kwa asidi. Sukari inalisha bakteria ndio wanatoboa jino, hiyo njia diet imeifunga na tushukuru, lakini asidi yenyewe inalainisha ile ngozi ngumu ya juu ya jino. Ngozi hiyo huanza kulainika pH, kile kipimo cha asidi ambacho kikishuka asidi ni kali zaidi, ikienda chini ya kama 5.5, na kola ya diet iko karibu na 3. Maji safi yako karibu na 7, hayana ugomvi na meno.

Kibaya zaidi ni kunywa kidogo kidogo. Unakuta mtu wa ofisi hapo Upper Hill anafungua chupa saa tatu asubuhi, anapiga funda moja, anafunga, baada ya robo saa funda lingine, mpaka saa kumi jioni, na mate hayapati nafasi ya kurekebisha mambo mdomoni. Afadhali uinywe na chakula uimalize, usuuze mdomo na maji. Mrija unasaidia. Na usikimbilie mswaki hapo hapo, ngoja angalau nusu saa, kwa sababu jino likiwa limelainika unalisugua.

Inakata kiu?

Inakata. Kuna imani kwamba kafeini inakausha mwili, lakini kiasi cha kwenye soda hakikaushi mtu wa kawaida, maji unayopata ni mengi kuliko unayopoteza. Shida ya kafeini ni usingizi na moyo kwenda mbio. Mkebe wa Diet Coke wa Marekani wa mililita 355 uko na miligramu 46, na mtu mzima mwenye afya anashauriwa asipite 400 kwa siku, ukijumlisha na kahawa na chai. Lakini mtu mwenye kuharisha asipewe soda yoyote, apewe ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwa maji safi.

Mjamzito je? Na watoto?

Mjamzito, soda moja moja haina neno, ila kafeini yote ya siku isipite miligramu 200, na hapo chai inahesabiwa. Mtu aliyezaliwa na ugonjwa unaoitwa PKU hatakiwi kabisa kugusa aspatemu kwa sababu iko na fenilalanini ambayo mwili wake hauwezi kuivunja, ndio maana kuna onyo kwa lebo.

Watoto mimi nasema maji na maziwa, basi. Chini ya miaka miwili wasipewe vitia utamu kabisa, na mtoto wa chini ya miezi sita ni titi la mama tu, hata maji bado. Wakubwa kidogo tatizo ni ulimi. Mtoto aliyezoea kila kinywaji kiwe kitamu sana atakuja kukataa embe akisema haina ladha.

Naichanganya na pombe ili nisinenepe. Sawa?

Jihadhari hapo. Sukari huchelewesha pombe kutoka tumboni, ukiitoa pombe inapita haraka, na majaribio yameonyesha waliochanganya vodka na soda ya diet walipima juu zaidi kwa kifaa cha kupuliza kuliko waliochanganya na ya kawaida, ingawa wao wenyewe hawakuhisi wamelewa zaidi. Kama una gari acha funguo.

Tuseme ukweli, maji ya Nairobi siyaamini. Si afadhali soda iliyofungwa kiwandani?

Hili naliheshimu sana. Watu wengi hapa hawakuchagua soda kwa sababu ya utamu, walichagua kwa sababu wanajua imefungwa, na hakuna haki kumwambia mtu anywe maji bila kumwambia atayapata wapi.

Maji ya kanjo mengi yanatoka bwawa la Ndakaini kule Murang'a, mengine Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu, na yanatibiwa kabla ya kuingia kwa paipu. Yakitoka kiwandani yako sawa. Shida huanzia njiani, paipu zilizopasuka zikapita karibu na mtaro, siku za mgao ambapo paipu inakaa tupu halafu inavuta uchafu, matangi ya ploti ambayo hayajaoshwa tangu yawekwe, na mitungi ya mkokoteni ambayo hujui ilijazwa wapi. Kwa hivyo malizia kazi nyumbani. Yachemshe mpaka yatokote kabisa, na yaendelee kutokota dakika 1. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanatokota kama nyuzi 94 tu na hiyo bado inaua vijidudu. Ukiwa Limuru ama mahali popote juu ya mita 2,000 acha dakika 3. Kama gesi imeisha tumia dawa ya klorini, fuata kipimo kwa chupa, ngoja nusu saa. Yaweke kwa chombo chenye kifuniko na mfereji, si sufuria ambayo kila mtu anachota na kikombe chake.

Maji ya chumvi, yale ya visima virefu vya kuchimba ambayo ploti nyingi zinatumia, hayo ni kesi nyingine. Visima vingine Nairobi viko na floraidi iliyopita kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuitoi, inazidi kukolea maji yakipungua. Hiyo ndiyo inapaka meno ya watoto rangi ya kahawia, tumeiona sana Nakuru na Naivasha. Ukiwa na watoto wadogo na mnakunywa hayo pekee, mwambie mwenye ploti apeleke maji yakapimwe, na mkiwa wapangaji wengi mchange. Mpaka majibu yatoke tumia ya kanjo ama ya mvua uliyoyatibu kwa kunywa, ya chumvi yaoshe nguo.

Maji ya chupa angalia alama ya KEBS, shirika la viwango, na uangalie kifuniko kama hakijafunguliwa. Mtungi wa kujaza dukani, uliza mashine inaoshwa lini, mwenye duka mzuri atakuonyesha bila kukasirika.

Maji hayana ladha, yananishinda. Nifanyeje?

Yaweke baridi kwanza, wengi wanasaidika na hiyo peke yake. Tia vipande vya tango, majani ya minti, tangawizi iliyopondwa. Ndimu ni sawa lakini nayo ni asidi, usiikamue nyingi ukanywa mchana kutwa. Strungi bila sukari ni kinywaji kizuri kabisa, uichukue mbali na chakula kama una upungufu wa damu, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma. Kama ni ile gesi ya kwenye koo unapenda, maji ya gesi yasiyo na ladha yako kwa supamaketi na kwa meno ni pole sana kuliko soda.

Mgeni akija na sina soda si ataona nimemdharau?

Tumelelewa hivyo, mgeni anaketi na mtoto anatumwa dukani. Mimi sasa naweka jagi la maji baridi yenye tangawizi na matunda yaliyokatwa, na mgeni akitaka soda namuuliza ya kawaida ama ya diet. Wazee wengi wanaokuja kwetu wako na sukari ama presha na hawajamwambia mtu, ukiwapa nafasi ya kuchagua unawasaidia kimya kimya. Hakuna aliyewahi kununa.

Basi ni ngapi kwa siku nikiipenda sana?

Hakuna namba iliyoandikwa mahali kwa kila mtu. Mimi ningesema kama uko na afya, chupa ndogo mara mbili tatu kwa wiki na chakula, na maji siku zote zingine. Kama saa hii uko kwa chupa kubwa kila siku usiache ghafla, hasa kama ni kola, kwa sababu kafeini ikikatika kichwa kinaweza kuuma siku ya kwanza ama ya pili na watu wengi hurudi kwa soda hapo hapo wakidhani mwili unaihitaji. Punguza nusu wiki hii, nusu tena wiki ijayo, na kama kichwa kinauma jua ni kafeini, kwa kawaida inaisha ndani ya wiki hivi.